Tone Halidondoki Pale Linapoanzia



Mwezi huu nawaomba mnifuate hadi bafuni. Tunakwenda kupiga magoti chini ya sinki la kunawia, tukiwa na tochi, kitambaa kikavu na ndoo, tutafute mahali maji yanapovuja. Huenda mmoja wenu akauliza, "Ukurasa huu ni wa ndoa, sinki limeingiaje?" Nami nawajibu kwa swali. Ni mara ngapi mmekosana kwa sababu ya jambo kubwa, na ni mara ngapi kwa sababu ya jambo dogo lililosemwa mara kumi na lisitengenezwe? Sinki linalovuja ni mojawapo ya hayo madogo. Leo nataka mpate mambo mawili: namna ya kutafuta na kuziba uvujaji sugu, na namna ya kuifanya kazi hiyo bila kuumizana.

NYUMBA MOJA KABUCHAI

Chukueni mfano wa nyumba moja upande wa Kabuchai, katika kaunti ya Bungoma, si mbali na soko la Chwele. Majina siyataji, kwa kuwa nyumba hiyo yaweza kuwa yenu. Bwana ni mwalimu, anafundisha Kitale. Ijumaa jioni hupanda matatu, akapitia Kamukuywa na Kimilili, akafika nyumbani usiku. Jumapili baada ya Misa na chakula cha mchana hurudi kazini. Bibi yuko nyumbani na watoto wanne, anaangalia mahindi, ng'ombe na kuku.

Kwa miaka mingi familia hii ilichota maji kwenye chemchemi, mtungi kichwani. Kisha wakajinyima, wakajenga nyumba ya matofali yenye bafu ndani. Tangi la maji ya mvua likawekwa juu ya mnara, na sinki jeupe likafungwa ukutani na kabati la mbao chini yake. Siku Padre alipokuja kuibariki nyumba, mama alimwongoza hadi bafuni ili anyunyizie maji ya baraka huko pia. Alikuwa na haki ya kulifurahia sinki lile. Shingo yake ilikuwa imebeba mitungi mingi.

Haukupita mwaka, sinki likaanza kuvuja.

"Baba watoto," alisema mama Ijumaa moja, "maji yanavuja chini ya sinki."

Jumamosi alasiri bwana alifungua bomba maji yakatoka membamba, akainama, akatazama. Pakavu. "Mbona mimi sioni maji? Ni hao watoto wanarusha maji wakinawa." Hata hivyo alichukua spana, akakaza nati ya chini, akaenda zake. Jumatatu asubuhi sakafu ikalowa tena. Ijumaa iliyofuata mama akasema tena, na bwana akakaza tena. Mara ya tatu alikaza kwa hasira, mpaka nati ya plastiki ikalia "ta!" ikapasuka. Sasa palikuwa na mivujo miwili.

Mama alifanya alichoweza. Alipaka kipande cha sabuni kwenye ufa, akafunga juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli, akaweka beseni la plastiki ndani ya kabati. Aliporudia kumwambia mumewe, jibu lilikuwa kali: "Mama watoto, wewe sasa umezoea kulalamika. Nimefungua bomba hapa mbele ya macho yako. Tone liko wapi?"

Tangu siku hiyo mama akanyamaza. Bwana akaridhika. Hata kule shuleni aliwasimulia walimu wenzake jinsi alivyotengeneza sinki lake mwenyewe bila kumlipa fundi.

Miezi ikapita. Katikati ya muhula, shule zilipofungwa kwa siku chache, bwana alifika nyumbani Jumanne usiku. Jumatano alfajiri aliamka akaona kitanda kitupu upande wa pili. Alimkuta mkewe bafuni, amepiga magoti, tochi ameishika kwa meno, anavuta beseni lililojaa maji kutoka kabatini. Ubao wa chini ya kabati ulikuwa umevimba na kuwa mweusi kwa ukungu.

"Kumbe bado linavuja?" aliuliza.

Mama hakuinua kichwa. "Liliacha lini?"

Wapendwa, yasikilizeni maneno hayo mawili. Huyu bwana hakuwa mlevi wala mpiga mke. Alikuwa anajenga na kulipa karo. Lakini kwa miezi mingi mke wake aliamka gizani kumwaga maji ambayo mumewe alikuwa amekwisha kuamua kwamba hayapo. Kilichomlemea mama kuliko beseni lile ni kuambiwa kwamba anachokiona hakionekani.

"MAMA, LINAVUJA SAA NGAPI?"

Asubuhi hiyo waliitiwa fundi, kijana mmoja aliyefika kwa pikipiki na mfuko wa vyombo mgongoni. Bwana alianza kumweleza: amekaza hapa, amekaza pale, anashuku hiki. Fundi alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akamgeukia mama.

"Mama, linavuja saa ngapi?"

"Asubuhi," akajibu. "Watoto wanapojiandaa kwenda shule. Naziba sinki kwa kizibo, najaza maji ili wote wanawe bila kumaliza tangi. Wakimaliza natoa kizibo. Hapo ndipo yanamwagika."

"Basi mwalimu," akasema fundi, "nusu ya kazi mama ameimaliza. Sasa ni kutazama tu."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza mama swali hilo. Bwana alikuwa akipima sinki Jumamosi alasiri, kwa maji membamba, wakati wake wa nafasi. Sinki lilivuja asubuhi ya shule, likiwa limejaa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, kila mmoja kwa saa yake.

NAMNA YA KUTAFUTA

Kabla ya kugusa spana, kumbukeni jambo hili moja: tone halidondoki pale linapoanzia. Maji yakitoka juu hushuka polepole kwa nje ya paipu, hupita kiungo hiki na kile, kisha hudondoka kutoka mahali palipo chini kuliko pote. Ndiyo maana watu wengi hukaza nati ya chini, isiyo na kosa lolote, mpaka wanaivunja.

Fanyeni hivi, mmoja akiwa juu kwenye bomba na mwenzake chini na tochi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwanza, kausheni kila kitu. Ondoeni vitu kabatini, pangusieni kitambaa tumbo la sinki, kila paipu na kila nati, hadi kitambaa kibaki kikavu. Tandikeni gazeti chini. Mkiwa na poda ya mtoto, nyunyizieni kidogo kwenye viungo. Maji yakipita juu yake yataacha njia inayoonekana. Asiyekausha kwanza hataweza kutenganisha maji ya jana na ya leo.

Pili, ngojeni nusu saa bila kufungua bomba. Gazeti likilowa wakati hakuna anayetumia sinki, kosa liko upande wa maji yanayoingia, kwa sababu hayo ndiyo yanayosukumwa saa zote. Fungeni valvu ndogo iliyo ukutani chini ya sinki. Mvujo ukikoma, chanzo kiko baada ya valvu, yaani katika paipu laini inayopanda kwenye bomba au mahali inapoungana. Usipokoma, chanzo ni valvu yenyewe au pale inapoingia ukutani, na hapo itabidi mfunge maji ya tangi kabla ya kufungua chochote.

Tatu, fungueni bomba, maji yapite kwa dakika chache. Yakivuja sasa tu, kosa liko upande wa maji yanayotoka, hasa kwenye ile paipu iliyojipinda ambayo mafundi huiita trapu. Hiyo hubakiza maji kidogo ndani yake ili harufu isirudi nyumbani.

Nne, zibeni sinki, lijazeni hadi kwenye tundu la juu la kufurikia, yaacheni maji kidogo yaingie tunduni, kisha toeni kizibo kwa mara moja. Jaribio hili watu wengi hulisahau, na ndilo linalofichua uvujaji sugu.

Tano, mwageni maji kwa kikombe kuzunguka shina la bomba, juu ya sinki. Yakitokea chini, basi shina halikuzibwa vizuri, na maji ya mikono ya watoto hupenya hapo.

Katika kila jaribio, yule aliye chini ashike karatasi ya chooni iliyo kavu, aguse viungo akianzia juu na kushuka. Kiungo cha kwanza kulowesha karatasi ndicho chanzo. Vilivyo chini yake vimelowa kwa ujirani tu. Na mkishindwa kujua kama ni maji safi yanayoingia au yaliyotumika, mimineni chai ya rangi kwenye sinki. Karatasi ikitoka na rangi, ni upande wa kutokea.

KWA NINI HALIKUONEKANA JUMAMOSI

Katika nyumba ile ya Kabuchai, majaribio matatu ya kwanza hayakuonyesha kitu, ukiacha ule ufa wa nati aliouleta bwana mwenyewe, ambao fundi aliufunga kwa muda usiwachanganye. Jaribio la nne, karatasi ililowa pale juu kabisa, penye tumbo la sinki.

Katikati ya sinki pana kikombe cha chuma ambamo maji hutokea. Kikombe hicho hupita katika tundu la sinki, na kwa chini hukazwa kwa nati kubwa yenye ringi ya mpira. Ubavuni kina matundu madogo, ya kupokea maji yanayotoka kwenye lile tundu la kufurikia. Maji yakiwa membamba huteremka moja kwa moja katikati, hayagusi ubavu. Lakini sinki lililojaa likiachiliwa ghafla, maji huwa mengi kuliko njia, hujaa ndani ya kikombe, huingia katika matundu ya ubavuni na kuzunguka nje yake hadi kwenye ringi ya chini. Ringi ikiwa nzima, hayaendi mbali. Ringi yao ilikuwa imekauka na kupasuka. Maji yakapenya, yakashuka kwa nje ya paipu, yakadondoka kwenye nati ya trapu, ile ile iliyokuwa ikipigwa spana kila wiki mbili.

Bwana alisimama kimya. Kisha akasema, "Mama watoto, uliniambia."

KUZIBA NI KAZI YA WATU WAWILI

Haya ndiyo waliyoyafanya, nanyi mnaweza kuyafanya.

Weka ndoo chini ya trapu, uilegeze kwa mkono, maji machafu yaingie ndooni. Legeza nati kubwa, toa kikombe chote. Kwangua sabuni, kutu na silikoni ya zamani hadi sinki na chuma viwe safi na vikavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwani hupaka kipya juu ya uchafu wa zamani, nacho hakishiki. Nunua ringi mpya ya ukubwa uleule. Beba ile ya zamani dukani upime. Kwa kawaida bei yake ni ndogo. Paka silikoni nyembamba chini ya mdomo wa kikombe na kuzunguka ringi, kisha rudisha.

Sasa inakuja sehemu ambayo mtu mmoja huiweza kwa taabu. Ukikaza nati kutoka chini, kikombe nacho huzunguka pamoja nayo, na silikoni yote inakatika. Lazima mmoja akishike kikombe kutoka juu kisitikisike, huku mwingine akikaza kutoka chini. Aliye juu haoni chini, na aliye chini haoni juu. Ni lazima wasemezane: "Shika." "Nimeshika." "Kinazunguka?" "Kidogo." "Sasa?" "Hapana, kimetulia." Fundi alimwachia bwana spana, akamwomba mama ashike juu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wawili hao kuzungumza juu ya sinki lile bila kulaumiana.

Kaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kidogo tu, kama robo ya mzunguko. Ringi ikibanwa kupita kiasi hutoka nje au hukatika. Nati za plastiki za trapu zikazwe kwa mkono pekee. Ndani yake mna ringi yenye upande mwembamba. Upande huo uelekee ndani ya kiungo. Tena zisivishwe ile tepe nyeupe ya mafundi, kwa kuwa kinachozuia maji pale ni mpira, si meno ya nati. Paipu laini za maji yanayoingia nazo zina mpira wao. Mahali pa tepe ni kwenye meno ya valvu inayoingia ukutani, nayo izungushwe kufuata mwendo wa saa ukiwa umeutazama mdomo wa valvu, la sivyo itafunguka unapokaza. Na paipu zisilazimishwe kukutana kwa kuvutwa upande. Kiungo kilichopinda kitavuja tena hata kikiwa kipya.

Iacheni silikoni ikauke siku nzima. Kisha lijaribuni sinki kwa lile jaribio la nne, na si kwa maji membamba. Rudieni kesho yake, na tena baada ya wiki moja.

SABUNI NA MPIRA WA BAISKELI

Simdharau mama aliyepaka sabuni na kufunga tyubu. Usiku ule vilimsaidia. Lakini dawa ya usiku mmoja ikiachwa miezi sita huwa ugonjwa. Hebu pigeni hesabu. Mvujo unaojaza kikombe cha robo lita kwa saa moja humwaga lita 6 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 2,190, yaani zaidi ya mitungi 100 ya lita 20. Mama aliyewahi kuchota chemchemini anajua mitungi 100 ni nini. Na beseni lililoachwa na maji kabatini si salama pia: mbu hutaga mayai katika maji yaliyotulia, na kwa wiki moja au mbili huwa wamekwisha kuruka. Sisi wa magharibi mwa Kenya tunaijua malaria vya kutosha. Ongezeni mbao zinazooza, na sakafu inayoweza kumtelezesha bibi kizee au mama mjamzito, mtaona kwamba anayeripoti tone moja halalamiki bure.

NENO KWENU WAWILI

Kitabu cha Mithali kinafananisha ugomvi wa mke na maji yanayotona bila kukatika siku ya mvua. Wanaume wengi huupenda sana mfano huo, nao huwatupia wake zao kama jiwe. Lakini mwenye kusikia maji yakitona ana kazi ya kufanya: apande juu atazame paa. Ukisikia neno lilelile kwa mkeo, au kwa mumeo, wiki baada ya wiki, usiseme tu "anapenda kugomba." Jiulize ni kitu gani hakijatengenezwa.

Kumbukeni pia arusi ya Kana. Aliyeona upungufu kwanza ni Mama Maria. Hakumfedhehesha mwenye nyumba wala hakunyamaza. Alimwambia Yule aliyeweza kusaidia. Jibu la kwanza lilionekana zito, lakini neno lake halikupuuzwa, na mitungi sita ya mawe ikajazwa maji hadi juu. Katika nyumba zenu yuko anayeona upungufu kwanza. Mara nyingi ni yule anayeshinda hapo. Akisema, mwaminini kabla ya kumpima.

Kwa hiyo, mabwana, na nyinyi akina mama mnaofanya kazi mbali na nyumbani, chunguzeni tatizo kwa saa linapotokea, si kwa saa mnapopata nafasi. Yule mwalimu angeamka asubuhi moja tu ya shule angeliona tone kwa macho yake. Mwenzako akikwambia kwamba mtoto humsumbua jioni, usimpime mtoto huyo Jumapili mchana akiwa amevaa nguo za Misa.

Nanyi mliochoka kusema, nawaelewa. Lakini msigeuze kimya kuwa beseni. Kila usiku mnalimwaga, kila usiku linajaa, na mwenzenu analala akidhani pamekauka. Kimya hicho hakiwezi kuitwa amani. Kama neno la kawaida halikusikilizwa, chagueni saa nyingine, mwambieni kwa utulivu: "Kesho alfajiri amka pamoja nami, nikuonyeshe." Na akiendelea kukataa, kumwita mtu wa tatu mwenye busara si aibu. Mama yule alisaidiwa na kijana wa pikipiki aliyejua kuuliza. Nyinyi mnao wasimamizi wenu wa ndoa, mnayo jumuiya ndogo ndogo, mnaye paroko.

Wala msikaze kwa hasira. Kuna waume na wake ambao kila kosa likitokea hujibu kwa kuongeza nguvu: sauti juu zaidi, sheria zaidi, fedha kufungiwa. Wanakaza nati isiyo na kosa. Mara nyingi huyo anayelia kwako leo, mtoto au mke au mume, ndiye aliye chini tu, na maji yameanzia kwingine, pengine juu kabisa, kwako wewe. Kausheni kwanza. Samehaneni ya mwezi uliopita, ndipo mtatambua la leo.

Mwaka 2016, hayati Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, alisisitiza maneno matatu kwa kila nyumba: neno la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba radhi. Mwalimu wetu alilipata lile la tatu akiwa chini ya sinki, na silikoni vidoleni. "Nilikuita mlalamishi," alisema. "Nisamehe." Mama, mkono wake ungali umeshika kikombe kule juu, akajibu, "Kaza kwanza, baba watoto, kisha tutaongea." Na jioni hiyo waliongea kweli, hadi taa ya jikoni ikazimwa na watoto.

YA KUFANYA JUMAMOSI HII

Msisome tu na kuufunga ukurasa. Chukueni tochi na gazeti kavu, mkaangalie chini ya kila sinki la nyumba yenu, pamoja. Kama hamna sinki, kagueni mfereji wa uani au mtungi wa jikoni. Baadaye ketini, kila mmoja amjibu mwenzake maswali haya matatu, na anayesikiliza asijitetee:

1. Ni jambo gani nimekwambia zaidi ya mara tatu, nawe hujalitazama?

2. Ni jambo gani nimeacha kukwambia, kwa sababu nilichoka?

3. Nikushike wapi, ili nawe uweze kukaza?

Kisha salini Baba Yetu, mkishikana mikono hiyohiyo iliyoshika spana na kitambaa. Sisi wa Bungoma tukikutana husalimiana "mulembe", yaani amani. Nami nawatakia amani hiyo, ya kabati kavu na ya usingizi wa watu wawili hadi asubuhi.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina.